UZI: Mtoto wenu kule Poto (Ulaya) hajawa mvivu, amekosa mwanga

Fundi_wa_Katuba (mwanzisha uzi)

Jambo yenu wote. Mwezi wa kumi na moja umeingia. Hapa Lubumbashi mvua zimeanza, maembe yamejaa barabarani, na simu za kutoka Ulaya zimeanza kupungua. Kila mwaka ni hivyo hivyo. Mzazi mmoja wa mtaa wetu wa Kenya au wa Kampemba ananishika njiani: «Huyu mtoto amebadilika. Nikimpigia hapokei. Akipokea, anaguna tu. Analalaka mchana kutwa.» Halafu hukumu inafuata: amekuwa mvivu, amepata kiburi, amerogwa, kuna mwanamke anamfunga mdomo. Mimi nilikaa Liège, Ubelgiji, miaka kadhaa kabla ya kurudi nyumbani, na ningependa tuongee jambo hili mapema, kabla familia hazijaanza kufunga na kuomba juu ya kitu ambacho jina lake linajulikana: sonona ya majira, ugonjwa wa huzuni nzito unaokuja na majira ya baridi mwanga ukipungua.

Kwanza tuweke baridi pembeni. Sisi watu wa Katanga baridi tunaijua. Mwezi wa sita na wa saba alfajiri inashuka chini ya digrii 10, watu wanatoka na makoti na kofia za sufu, mama muuza mikate anaota mbabula yake (jiko la makaa). Lakini ikifika saa tatu jua limeshawaka, mbingu haina wingu, na mchana koti linavuliwa. Mchana wetu mfupi kuliko yote katika mwaka una urefu unaokaribia saa 11 na nusu. Sasa chukua Liège mwishoni mwa mwezi wa kumi na mbili. Jua linachomoza saa 2 na nusu asubuhi ikiwa imepita, na kabla ya saa 11 jioni limeshazama. Hizo saa kama 8 zilizo katikati, mara nyingi wingu la kijivu limezifunika wiki nzima. Mwanafunzi anaingia darasani gizani, anatoka gizani. Anayefanya kazi kwenye maghala ndiyo kabisa, jua analiona Jumapili, kama limetoka.

Aliyelipa tatizo hili jina ni mtu wa upande wetu huu wa dunia. Daktari Norman Rosenthal alizaliwa Johannesburg na kusomea udaktari huko huko, ambako baridi ya mwezi wa saba inakuja na jua kama yetu. Mwaka 1976 alihamia Marekani, na majira ya baridi ya kule yakamlemea mwili na kichwa. Mwaka 1984 yeye na wenzake kwenye taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani walichapisha maelezo ya sonona ya majira: inayoingia siku zikifupika, inayoondoka siku zikirefuka, na kurudi mwaka unaofuata.

Inavyofanya kazi ni hivi. Macho hayana kazi ya kuona peke yake. Nyuma ya jicho kuna seli zinazopima mwanga na kupeleka habari kwenye saa ya mwili iliyo ndani ya ubongo. Mwanga wa asubuhi unaiambia saa hiyo kwamba siku imeanza, basi melatonini, homoni ya usiku, ipungue. Mwanga usipofika, saa inachelewa. Mtu amesimama kituo cha basi saa mbili asubuhi, lakini ndani yake bado ni usiku. Si maelezo yote, ila ndiyo sehemu inayoeleweka vizuri zaidi.

Na dalili zake zinadanganya. Wengi tunamjua mwenye sonona kama mtu asiyelala na asiyekula. Huyu wa majira ya baridi mara nyingi ni kinyume: analala sana na bado anaamka amechoka, anatamani bukari (ugali), mkate, viazi na vitu vitamu, ananenepa, mikono na miguu inakuwa mizito, anajitenga na watu. Ukimwangalia kwenye video unaona ameshiba, amelala, hataki kuongea. Nani hatasema ni mvivu?

Dawa ya kwanza ni mwanga wenyewe, asubuhi. Sebule yenye taa za kawaida inakupa luksi (kipimo cha mwanga) 100 hadi 300 hivi. Nje, hata chini ya wingu la Ubelgiji, mchana unapata maelfu. Jua la Lubumbashi saa sita mchana linaweza kupita 100 000. Kwa hiyo jambo la bure kuliko yote ni kutoka nje. Si lazima kukimbia wala kuvaa nguo za mazoezi. Atembee tu nusu saa jua likishatoka, au saa ya mapumziko ya kazi, hata manyunyu yakiwepo.

Ikishindikana kuna taa maalum, luksi 10 000. Inawekwa mezani kwa umbali ulioandikwa kwenye maelekezo yake, kwa kawaida kati ya sentimita 30 na 60, kando kidogo ya uso. Mtu anakunywa chai yake au anasoma kwa nusu saa, macho wazi bila kuikodolea. Iwe asubuhi mara baada ya kuamka. Ukiiwasha usiku unaharibu usingizi. Wengi wanaona nafuu ndani ya wiki moja au mbili, na wakiacha katikati ya majira, uzito unarudi.

Mwenye swali aulize. Wenye ndugu Canada, Norway, Finland, karibuni pia, maana Helsinki mchana mfupi kabisa haufiki hata urefu wa saa 6.

---

Papa_Kamalondo

Kijana, nimesoma yote. Haya ni magonjwa ya Wazungu. Sisi hapa umeme unakatika kila siku, tunakaa na mishumaa na tochi, mbona hatuumwi hiyo sonona yenu? Mtoto afanye kazi aliyoendea.

---

Fundi_wa_Katuba

Papa, heshima yako. Giza la usiku halina neno, mwili unalitaka ili ulale. Umeme ukikatika saa mbili usiku, asubuhi yake saa kumi na mbili jua linakungoja mlangoni. Kule linalokosekana ni hilo la asubuhi, na linakosekana miezi mitano.

Kuhusu Wazungu, nikupe mfano wa wao wenyewe. Kuna mji mdogo wa Norway unaitwa Rjukan, mji wa kampuni kama Likasi au Kolwezi, uliojengwa bondeni kwa ajili ya kiwanda. Milima inaukinga na jua karibu miezi sita kila mwaka. Mwaka 1928 kampuni iliwajengea wafanyakazi gari la kamba, lipande mlimani, ili baridi likiwa kali watu wapande tu kuota jua. Na mwaka 2013 mji ukaweka vioo vikubwa vitatu juu ya mlima, vinavyozunguka na kulifuata jua, vinarusha mwanga hadi kwenye uwanja wa katikati ya mji. Watu wazima, wenye pesa za mafuta, wanatoka wamesimama uwanjani wanageuza nyuso juu. Waliozaliwa huko huko, Papa. Sembuse mtoto wa Kamalondo.

---

Papa_Kamalondo

Vioo mlimani. Haya, nimekaa, nasikiliza.

---

Mutoto_wa_Bel-Air (Edmonton)

Niko Alberta, Canada. Mwezi wa kumi na mbili mchana una urefu wa saa 7 na nusu, baridi inafika -30 na zaidi. Nakubali karibu yote, ila nataka kuongeza vitu ambavyo watu wa Ubelgiji hawavijui.

Huku jua linatoka! Linakaa chini, lakini mbingu mara nyingi ni safi, na theluji inarudisha mwanga machoni mpaka unakunja uso. Tatizo letu ni kuogopa kutoka. Watu wetu wakifika wanajifungia, wanapandisha joto la nyumba, wanafunga mapazia kwa sababu dirisha linapitisha baridi. Halafu wanashangaa. Mimi nilichofanya ni kununua nguo zinazofaa: viatu vya theluji, suruali ya ndani, glavu za kidole gumba pekee (za vidole vitano ni urembo tu). Koti zuri la mitumba linapatikana kanisani na kwenye maduka ya vitu vilivyotumika. Ukishavaa vizuri, saa sita mchana unatembea. Pazia nalo mchana lifunguliwe, meza ya kulia isogezwe dirishani.

Jambo la pili, na hili naomba wazazi walisome mara mbili. Taa haileti makaratasi. Kuna kijana hapa, kazi ya usiku kwenye kiwanda cha nyama, anatuma pesa kwa watu wengi, kesi yake ya ukimbizi haijajibiwa, na ndugu zake wako Kivu. Huyo ukimwekea taa ya luksi 10 000 atakuwa na huzuni yenye mwanga. Majira yanaongeza mzigo, hayauleti wote. Tusije tukasema kila mtu «nunua lampi» halafu tukanyamaza kuhusu pesa tunazomdai kila mwisho wa mwezi.

---

Tantine_Ruashi

Hapo kwa pesa umesema kweli, na wengi hapa watajifanya hawajaiona.

---

Infirmiere_wa_Kenya

Mimi ni muuguzi, niko hapa Lubumbashi, nimefanya kazi na wagonjwa wa akili. Fundi ameeleza vizuri, ila kuna tahadhari ambazo lazima ziandikwe.

Mtu ambaye amewahi kuwa na vipindi vya kupanda sana, halali siku tatu, anaongea bila kituo, anatumia pesa zote, anasema ana ufunuo, asiwashe taa hiyo bila daktari. Mwanga mkali unaweza kumpandisha tena. Mwenye ugonjwa wa retina (sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga), au anayetumia dawa zinazofanya ngozi na macho kuchukia mwanga, aulize kwanza. Maumivu ya kichwa na macho kuchoka siku za mwanzo hutokea. Asogeze taa mbali kidogo au apunguze dakika.

Pili, vidonge. Kwenye famasi za Ubelgiji na Ufaransa kuna mmea unauzwa kwa jina la millepertuis, watu wanasema ni wa kuinua moyo, na kwa kuwa ni majani wanadhani hauna madhara. Mmea huo unapunguza nguvu za dawa nyingi: vidonge vya uzazi wa mpango, dawa za virusi vya UKIMWI, dawa za kuzuia damu kuganda. Na ukichanganywa na dawa za sonona za daktari ni hatari. Mwanao akikwambia amepata «dawa ya majani», muulize ni ipi.

Tatu, vitamini D. Ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuitengeneza, na Ulaya ya kaskazini majira ya baridi jua halitoshi kwa ngozi yoyote. Uingereza wanashauri mikrogramu 10 kwa siku kwa watu wote miezi hiyo, na kwa wenye asili ya Afrika mwaka mzima. Wachukue. Lakini ni ya mifupa na misuli. Kama dawa ya huzuni ushahidi wake ni dhaifu. Na taa ile haitengenezi vitamini D, imechujwa mionzi inayofanya kazi hiyo. Watu wanachanganya vitu hivi viwili kila siku.

---

Kadogo243 (Liège)

Yaya (kaka mkubwa) Fundi, mimi ndiye huyo anayelala 😅 Nina taa. Asubuhi nawasha, kweli inasaidia kuamka. Lakini jioni nikirudi kwenye kot (chumba cha mwanafunzi), hakuna kitu. Sioni maana ya kupika, sioni maana ya kwenda kwa watu. Nakaa na simu. Wikendi naweza kukaa ndani kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Na sipokei simu za nyumbani kwa sababu mama ataniuliza «uko muzuri?» na sina jibu.

---

Fundi_wa_Katuba

Kadogo, aksanti kwa kusema.

Hiyo ya jioni taa haiigusi. Kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Vermont, Kelly Rohan, aliyelinganisha taa na mazungumzo ya tiba, yale ya kufundisha mtu kupanga siku zake na kuyabishia mawazo yake. Majira yale yale njia zote mbili zilifanya kazi karibu sawa. Lakini majira ya baridi ya pili baada ya matibabu, waliorudiwa na sonona upande wa taa walikuwa kama asilimia 46, upande wa mazungumzo asilimia 27. Sababu inaeleweka: taa unatakiwa kuiwasha kila mwaka, na watu wanaiacha kabatini. Ulichojifunza kichwani hukiachi kabatini.

Kiini cha yale mazungumzo, kwa kifupi: usingoje hamu. Wakati wa giza hamu inakuja baada ya tendo. Kwa hiyo unaandika Jumapili utafanya nini Jumanne jioni, kitu chepesi, chenye saa na chenye mtu mwingine ndani. Mtu mwingine ndiye muhimu. Peke yako utajisamehe. Ukimwahidi mwenzako kwamba unaleta chumvi na mafuta, utakwenda.

Sisi tulikuwa na zamu ya bukari. Kila Alhamisi kwa mmoja wetu, wa Kasai, wa Katanga, wa Kinshasa, hata Mburundi mmoja. Anayepokea anatoa unga na kuanzisha mazungumzo, wengine wanaleta sombe (majani ya muhogo) iliyogandishwa kutoka maduka ya Matonge kule Brussels. Ukikosa, wanakuja kukugongea mlango na sufuria mkononi. Hakuna aliyeita tiba. Chuoni kwako kuna huduma ya mwanasaikolojia kwa wanafunzi, bei yake huwa chini sana, itumie. Mwambie neno kwa neno ulichoandika hapa.

---

Mwana_Kapolowe

Na bia je? Kuna yaya yangu Charleroi, anasema bila mbili tatu jioni hawezi kulala.

---

Infirmiere_wa_Kenya

Inamlaza na inamwamsha saa tisa usiku. Usingizi wa pombe umevunjika vipande, na kesho yake moyo uko chini zaidi. Bia ya Simba ya hapa mtu anakunywa na watu, kwenye kelele, anarudi nyumbani. Kule anakunywa peke yake jikoni. Anywe Jumamosi na wenzake kama anataka, si kama dawa ya kulala.

---

Mama_wa_wanne (Kenya)

Mimi ni mama ya mutoto mumoja wa aina hiyo, ya kike, iko Namur. Nimesoma maneno ya Kadogo nikalia kidogo. Sasa niulize: nisipomuuliza «uko muzuri», nimuulize nini? Na nimpigie saa ngapi? Miye naendaka ku soko mapema, nampigiaka usiku.

---

Mutoto_wa_Bel-Air

Mama, usiku ndiyo saa mbaya, amechoka na giza limemkaa. Majira ya baridi saa zao za Ubelgiji ziko nyuma yetu saa moja. Mpigie saa nne asubuhi ukiwa sokoni, kwake ni saa tatu, jua limetoka. Mwambie asimame nje, au angalau dirishani, mkiongea. Muoneshe soko! Mgeuzie simu aone nyanya, vitoyo (samaki wakavu), watu wanaogombana bei. Mpe na kazi ndogo: akutafutie bei ya kitu, akusaidie kuamua rangi ya pazia. Mtu akihitajiwa anaongea. Akiulizwa «uko muzuri» anaogopa kukuumiza.

(Wenye ndugu Edmonton: saa kumi na moja jioni ya Lubumbashi, huku ni saa mbili asubuhi.)

---

Tantine_Ruashi

Vitoyo vinasafirishwa? Kuna mtu anaondoka wiki ijayo kwenda Brussels.

---

Fundi_wa_Katuba

Samaki waliokaushwa kwa matumizi ya mtu mwenyewe wanaruhusiwa kuingia Umoja wa Ulaya hadi kilo 20. Nyama na maziwa hapana, hata kavu. Majani mabichi ya sombe yanahitaji cheti cha afya ya mimea, bila cheti yanaishia pipani uwanja wa ndege. Wafunge vitoyo vizuri, tafadhali. Abiria wengine nao wana pua.

---

Papa_Kamalondo

Swali langu la kweli sasa. Kuna mutoto wa ndugu yangu. Kule alikuwa hivyo, wakasema ni majira. Mwezi wa tano ukafika, jua likatoka, yeye yuko pale pale. Sasa anasema watu wangepumzika kama yeye hayupo.

---

Infirmiere_wa_Kenya

Papa, hiyo si ya majira tena na si ya taa. Maneno «watu wangepumzika kama sipo» yanachukuliwa kama yalivyo. Leo hii mtu amwone ana kwa ana, asiachwe peke yake, na muulize wazi wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo. Kunampa nafasi ya kusema. Akiwa Ubelgiji, namba ya bure ya kuzuia kujiua kwa Kifaransa ni 0800 32 123. Canada na Marekani ni 988. Hatari ikiwa mkononi, ambulansi: Ulaya 112, Amerika 911. Kisha daktari wa familia, na dawa kama atapewa azimeze hata kama mchungaji amesema aache. Maombi yaendelee, hayagombani na vidonge.

---

Papa_Kamalondo

Yuko Ubelgiji. Kuna kijana wetu anakaa karibu naye, nampigia sasa.

---

Infirmiere_wa_Kenya

Mpigie. Nimekuandikia ujumbe wa faragha, nijibu ukishampata.

---

Mama_wa_wanne (Kenya)

Mungu amusaidie huyo mutoto. Miye nimeongea na wangu leo saa ine, akiwa kituo cha basi. Nilimuonesha mama mwenye kuuza nyanya, wakasalimiana. Anasema lampi ataangalia baada ya Noeli, bei ikishuka.

---

Fundi_wa_Katuba

Mama, asingoje bei ishuke. Mwezi wa kwanza na wa pili ndiyo huwa mizito kwa wengi, sikukuu zimeisha na pesa zimeisha. Anunue sasa, au aazime. Wanaojua wanasema huwa inakaa kabatini kwa mtu. Kwenye boksi atafute maneno 10 000 luksi, umbali umeandikwa, na kwamba mionzi ya UV imechujwa. Taa ya urembo ya kupigia video haifai.